Shangazi Earlene Jukwaani

Jumatatu, 12 Juni
Nimefika Memphis mchana. Joto la kubandika nguo mgongoni. Binamu yangu Dwight kanipokea uwanja wa ndege na gari lenye picha ya mama yake ubavuni — Shangazi Earlene, kachorwa kama katuni, meno yote nje. Nikamuuliza nini hiki. "Biashara, dada. Watalii wanapenda." Nimekaa Detroit miaka mingi, lakini hapa ndipo nilipozaliwa, na Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Kumwona kapakwa kwenye mlango wa gari... basi.

Jumanne, 13 Juni
Nimekwenda Mtaa wa Beale, kwenye kumbi za muziki, kumsikiliza Shangazi akiimba. Heri nisingekwenda. Ukumbi unanuka mafuta ya mbavu za nguruwe na bia iliyomwagika jana. Watu wanatafuna. Mshereheshaji wao, anaitwa Rooster, anawaambia bibi huyu aliokotwa shamba la pamba, pekupeku, hajui kusoma, anaimba kwa njaa. Uongo mtupu. Babu, baba yake, alikuwa mwalimu wa hesabu! Nyumbani, mtaa wa Orange Mound, kulikuwa na piano, na Shangazi alivaa soksi nyeupe kila siku ya Mungu.

Kisha akaingia mwenyewe. Miaka themanini na moja, wigi jekundu, gauni la kumetameta linalombana kwapani. Ujana wake wote aliitikia nyuma ya waimbaji wakubwa. Kwa jina lake alirekodi wimbo mmoja tu. Ndio huo anaowaimbia. Mwanamke mmoja kapanda jukwaani, kampapasa shavu kwa vidole vyenye sosi ili apigwe naye picha. Shangazi akatabasamu. Sosi ilibaki shavuni mpaka mwisho. Nimeshindwa kula.

Jumatano, 14 Juni
Nimegombana na Dwight. Nimemwambia anamfanya mama yake kikaragosi. Kanijibu: "Unakuja na maua mara moja kwa miaka mitano, halafu unatufundisha adabu?"

Nikamwendea Shangazi jikoni, anamenya viazi. Twende Detroit, nikamwambia, chumba kipo.
"Nikafanye nini?"
Ukapumzike.
"Nimepumzika miaka arobaini, mwanangu. Simu haikulia. Waache waniite mwokota pamba."
Na Babu je?
"Babu yako amekufa. Hasikii."
Kasema hivyo huku anamenya. Nimeona kinyaa — na safari hii si kwa Dwight.

Ijumaa, 16 Juni
Jana sikuandika. Sikutaka.

Leo nimerudi ukumbini, na sauti imemkatikia Shangazi. Ubeti wa pili, mdomo wazi, hakuna kitu. Bendi inarudiarudia palepale, inamsubiri. Vijana wa meza ya mbele wakaanza kucheka, simu juu, wanamrekodi. Mmoja akamwigiza, anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Sijui nilisimamaje. Nikauimba ule ubeti kutoka mezani kwangu — alinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo, akinisuka nywele. Naye akaudaka, tukaumaliza pamoja. Ukumbi ukalipuka. Watu wakalia, hata wale wahuni.

Dwight kanikumbatia. "Kesho tena, dada." Nikamwambia aniondokee. Lakini ndani ya gari Shangazi kanishika mkono: "Peke yangu siwezi tena. Usiniache wanicheke."

Kinachoniudhi kuliko yote ni yale makofi. Nimeyapenda. Nimeoga mara mbili, bado najihisi nanuka ule ukumbi.

Jumamosi, 17 Juni
Naandika chumba cha kuvalia, daftari gotini. Nimekubali — leo tu, nimesema. Shangazi kanipaka rangi ya midomo kwa mkono wake. Nyekundu mno. Sijitazami kwenye kioo.

Rooster kachungulia: "Dada, nikutambulishe vipi?" Nikasema Corinne, muuguzi, mpwa wake. Akakunja uso. "Hiyo haiuzi." Shangazi alikuwa anafunga kiatu, hakuinua hata kichwa. "Sema ni binti yangu. Nilinyang'anywa akiwa mchanga, tumeonana jana." Dwight, mwanawe wa pekee, yupo palepale mlangoni. "Mama, hiyo tamu," akasema.

Nilifungua mdomo nikatae. Rooster ameshatoka. Namsikia anawasimulia, ukumbi umenyamaza, kuna mtu anavuta kamasi. Shangazi ananiambia nikiingia nilie kidogo, si sana, wanja usichuruzike. Anauliza kama naweza.

Naweza.