Siku Aliyoifuta Binti Yangu

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu karudi na viatu vya mpira mkononi, akavitumbukiza kwenye ndoo ya dawa pale nje. Simkumbatii kabla hajaoga, tumeshazoeana. Akitoka bafuni ndipo anakuwa mwanangu.

Leo kachangamka. Ofisini wamemsifu, kazi yake ya mabomba ya majitaka imepita. Nikamwambia anieleze tena, maana shule mimi niliishia njiani na mambo ya kompyuta hunipita juu ya kichwa. Akanielezea kwa cherehani yangu. Anasema kwenye kompyuta wamechora mabomba yote ya mji, kama mimi ninavyokata karatasi kabla ya kugusa kitambaa. Lakini karatasi haijui mwili. Kwa hiyo wanafunga vipimo ndani ya chemba, yale mashimo ya barabarani yenye mifuniko ya chuma. Vinapima maji yamepanda kiasi gani na yanakwenda mbio kiasi gani, mvua na kiangazi. Halafu yeye anabana hapa, anaachia pale, mpaka mchoro ukae sawa na vipimo.

— Umekaa, mama. Umekaa kama gauni la bibi harusi.

Nimefurahi. Ila hayo mashimo nayaogopa, yana hewa mbaya. Anasema siku hizi hashuki yeye, anasimama ukingoni tu, anashuka fundi wao, wanamwita Komando. Huyo Komando anaogopa panya. Anashuka huku anaimba kwa sauti ili panya wampishe. Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikwenda kwa mdogo wangu, mtaa wa chini. Shemeji bado hainuki, miguu imekataa kabisa. Kitanda chake wamekiweka chumba cha nyuma, ubavuni mwa choo, ili asihangaike. Mdogo wangu ananitania: dada, bwana wangu siku hizi mfalme, kila kitu analetewa. Kisha akageuka, akapanguza meza ambayo ilikuwa safi.

Magorofa mapya ya kule juu yataunganishwa na bomba la mtaa wao wiki ijayo. Majirani wana wasiwasi. Nikamwambia ondoa shaka, aliyepima ni mwanao. Akasema basi kama ni yeye, tumo mikononi mwa mtu wetu. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Jumapili, 9 Machi

Hajala tangu jana. Anakaa na kompyuta imefungwa mapajani. Nikadhani ni mimba. Nikamuuliza taratibu, kama mama. Akacheka, halafu akalia. Akasema afadhali ingekuwa mimba.

Niandike kama alivyonieleza. Mwezi uliopita ilinyesha ile mvua kubwa. Siku hiyo kipimo cha mtaa wa chini kilisema maji yamejaa bomba zima, tena hayaendi, yamesimama. Sasa, siku chache kabla yake, Komando alikuta kitambaa kimekiganda kipimo hicho hicho, kikawa kinatoa uongo mtupu. Kwa hiyo mwanangu alipoona maji yamesimama akasema, ni kitambaa tena. Akaifuta siku ile. Akafanya kazi na siku zilizobaki, na mchoro ukakaa vizuri. Lazima ukae, kama umemtoa mwenye tumbo kubwa kwenye foleni ya kupimwa.

Jana anatafuta picha za kupamba ripoti. Akafungua zile anazopiga Komando akishuka, ambazo hakuwahi kuzitazama. Moja ni ya asubuhi iliyofuata mvua. Kipimo kisafi. Hakuna kitambaa, hakuna hata uzi. Na ukutani mwa chemba, alama mbichi ya uchafu, karibu kabisa na mfuniko.

Maji yalisimama kweli. Bomba lilishindwa. Na kwa kutegemea mchoro wake, ofisi imesema bomba linatosha, magorofa yaongezwe humo humo.

Nikauliza, yakishindwa kwenda mbele yanakwenda wapi?

— Yanarudi, mama. Yanatokea kwenye choo kilicho chini kuliko vyote.

Choo hicho ni cha nani, hatukutaja.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia anyamaze. Naandika hivyo hivyo, maana ndivyo nilivyosema. Bado yuko kwenye majaribio kazini, hawajampa mkataba wa kudumu. Watamtoa kama unyoya kwenye supu. Nikasema subiri kwanza, pengine mvua kama ile haitakuja tena mwaka huu.

Akaniuliza kama mimi ningempa mteja nguo ninayojua itachanika akiinama. Nikamwambia nguo ikichanika mtu anacheka. Nikasikia nilichosema.

Jumatano, 12 Machi

Kamwambia bosi wake. Bosi hakufoka. Alifunga mlango, akamwita “binti yangu”, neno ambalo halijawahi kumtoka kinywani. Akasema siku moja haiwezi kuangusha kazi ya miezi. Akasema arudishe ile siku, apige hesabu upya, waizungumze magorofa yakishazinduliwa. Na maneno haya yasitoke nje ya chumba hiki. Yakitoka, yeye hatamtetea.

Mwanangu anasema mimi si nje.

Hesabu ameipiga upya. Kanionyesha. Mabomba yamechorwa kama mishipa ya mkono, buluu, buluu, buluu, mpaka mtaa wa chini. Pale ni mekundu. Nikaweka kidole. Nyumba ya mdogo wangu iko chini ya ukucha wangu.

Magorofa wanayafungulia kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Wamefungulia. Kulikuwa na tarumbeta. Mwanangu alisimama nyuma ya watu wa ofisi, anasema alipiga makofi. Mawingu mazito tangu saa za mchana.

Ijumaa, 14 Machi

Niko kwa mdogo wangu. Naandikia magotini, chumba cha mbele. Mvua imeanza.

Nilikuja na kitambaa, nikadanganya nimekuja kupima mapazia. Halafu nikasema hiki chumba cha nyuma kina joto, shemeji tumhamishie mbele apate hewa. Mdogo wangu akashika kiuno: dada, umekuja kushona au kuhamisha nyumba? Shemeji akasema mwache, anataka kuhakikisha kama bado nina uzito. Tukakivuta kitanda kikiwa na yeye juu yake, anatuelekeza kama dereva. Kulia, kulia, mtaniua. Tukacheka sote.

Kisha nikabeba unga na mchele nikaweka juu ya kabati. Nikakunja zulia. Ndipo aliponishika mkono.

— Kuna kitu unakijua.

Nikasema hakuna. Mdogo wangu huyu nilimbeba mgongoni mpaka akaota meno. Alinitazama kidogo, akaenda jikoni kubandika maji ya chai.

Nikimwambia, nimemtoa mwanangu kazini kwa mdomo wangu. Nisipomwambia

Kuna sauti nje. Naijua. Saa hizi angekuwa ofisini.

Anapita nyumba kwa nyumba. Namsikia kwa jirani wa tatu. Anasema: mimi ndiye niliyepima bomba lenu, nilikosea. Msitumie vyoo mvua ikikaza. Nyanyueni vitu. Wagonjwa watoeni vyumba vya nyuma. Mwanamume mmoja anauliza, ofisi ndiyo imekutuma? Anasema hapana, sikutumwa. Mwanamume anasema basi si mlitwambia linatosha, mlikuja na karatasi na tabasamu. Mwingine anasema huyu si mtoto wa yule mama mshonaji? Yeye anajibu ndiyo, ni mimi, na samahani. Anayarudia yale yale, sauti haipandi. Mlango unabamizwa. Anaenda unaofuata.

Mvua inakaza. Chooni kule nyuma kumetoka mkoromo, mmoja, kama mtu anayesafisha koo. Shemeji kageuza kichwa.

Mdogo wangu katoka jikoni na vikombe mkononi. Anauliza, hiyo si sauti ya mwanetu?

Sasa yuko kizingitini. Anapiga hodi. Mdogo wangu haangalii mlango, ananiangalia mimi