Mashine Iliyopiga Hodi Kikula

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha jandarmeri, Likasi, tarehe 19 Oktoba 1987

Jina: Mujinga Kalenga (jina la ubatizo Bibiane)
Umri: miaka 41
Kazi: muuza samaki wakavu sokoni
Makazi: Kikula, Likasi

Mimi ni mke wa Ilunga Séraphin. Si mjane, naomba hilo liandikwe kwanza. Nimekuja kwa miguu yangu kwa sababu kijana Étienne amefungiwa humu, anadaiwa kushirikiana nami kuiba koti la mume wangu. Hakushirikiana nami. Nililichukua mwenyewe.

Mnamo mwezi wa tatu mwaka huu, ukuta wa ghala la zamani nje ya mji uliangukia mapipa ya radiamu, madini yenye sumu, yaliyoachwa na Wazungu. Watu wakakatazwa kuingia. Ikaletwa mashine kutoka Ulaya, yenye minyororo kama ya trekta, mkono wa chuma na jicho la televisheni, isafishe badala ya watu. Mume wangu ndiye aliyechaguliwa kuiendesha, akiwa mbali kibandani, ameshika vishikio. Alijivuna huyo! Kila asubuhi, kabla haijaingia, aliifanya igonge mlango wa ghala mara mbili. Wenzake walicheka. Akawaambia, "Muntu haingiake mu nyumba bila kupiga odi."

Mnamo tarehe 12 Mei waya wa mashine ulinasa kwenye vyuma, mashine ikasimama. Injinia akasema lazima mtu aingie. Akaingia Séraphin. Alivua koti lake la kazi, akauzungushia waya usikatike, akaunasua. Koti likabaki mle. Jioni hakuweza kula bukari, akatapika hata maji. Kesho yake wakampeleka Ulaya kwa ndege, kutibiwa, walisema. Toka siku hiyo sijapata barua wala salamu. Ofisini naambiwa, "Mama, ungojee." Nimengoja. Foronya ya mto wake sikuifua, lakini harufu yake imekwisha.

Étienne, aliyefundishwa kazi na mume wangu, ndiye aliyeendelea na mashine. Mnamo tarehe 14 Oktoba, asubuhi, nilikuwa kwenye uzio wa ghala, maana huwa napita pale. Nikaona mashine inatoka na koti, inaliweka kwenye trela ya takataka za kufukiwa. Nililijua kwa kiraka cha kijani nilichokishona mwenyewe kwenye kiwiko. Nikapita chini ya uzio, nikalichukua, nikakimbia. Étienne alipiga kelele niliache. Sikumsikiliza. Nyumbani nililikumbatia, nikalia kama mtoto. Namtamani mume wangu, sioni haya kusema.

Kesho yake injinia alikuja na jandarmu wawili, wakasimama ng'ambo ya barabara. Injinia akasema, "Mama, ile koti iko na sumu. Itakuua."

Nikamjibu, "Basi ingia, uichukue na mukono yako."

Hakuna aliyesogea. Nikasema, "Miye nitaitoa siku mutaniambia bwana yangu iko wapi." Wakaondoka.

Mchana wakarudi na mashine juu ya lori. Kikula nzima ikatoka kutazama. Mume wangu aliingia mle ghalani kwa sababu mashine ilishindwa. Leo kwa koti lake imetumwa mashine. Nikafunga mlango, nikaketi nyuma yake na koti mapajani. Nikamsikia injinia akimwamuru Étienne avunje mlango. Nikakaza roho. Minyororo ikaja mpaka uani, ikanyamaza. Halafu chuma kikagonga mlango mara mbili, polepole, vilevile kama Séraphin.

Nikaitika, "Karibu!" Lilinitoka kabla sijafikiri, mwili mzima uliamini kwamba amerudi. Nikafungua. Palikuwa na mkono wa chuma tu, umenyooshwa, unangoja. Kule kwenye lori Étienne alikuwa analia juu ya vishikio. Nikalikunja koti kama ninavyolikunja siku zote, mikono ndani, nikaupa ule mkono.

Étienne hana kosa. Kama kupiga hodi ni kosa, alifundishwa na mume wangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa kwa sauti, nami nayakubali.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba)

Maandishi ya afisa: Maelezo yamechukuliwa nami, Ajida Mwamba. Shahidi alikaa mlangoni, mbali nami, kwa ombi langu. Baada ya kutia dole gumba aliuliza mume wake yuko wapi. Nilimwambia swali hilo halimo katika shauri hili. Akaniomba niliandike hivyo hivyo. Nimeliandika.