Mkanda Mpya wa Bi Saada Unateleza

Ijumaa, Ilala. Mvua imetupumzisha tangu jana, jua limetoka na joto lake lote, na mimi nimeamka na swali kabla hata ya chai.

Mkanda mpya unatelezaje?

Bi Saada ana duka la khanga Kariakoo na anaishi Buguruni. Miguu yake ilidhoofika kwa polio akiwa mtoto. Mwaka wa tatu huu anajiendesha kwa pikipiki ya magurudumu manne, kama zile wanazokodisha ufukweni: gesi kwa kidole gumba, breki za mkononi, gia za kubadilisha hakuna. Anapanda mwenyewe, anashuka mwenyewe. Ukijifanya kumshika mkono, anakutazama mpaka unauachia.

Wiki iliyopita alipita kwenye maji yaliyotuama barabarani, yakaingia kwenye boksi la mkanda. Injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Mkanda ule ndio unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Unabanwa na puli mbili, ukilowa unateleza. Hilo nalijua, mimi fundi. Nikafungua, nikamwaga maji, nikakausha kila kitu. Siku mbili baadaye akarudi, inateleza kuliko mwanzo. Nikafuata mkanda mpya Kariakoo, nikaufunga. Juzi ukateleza tena, tena katikati ya barabara, magari yanampigia honi. Pikipiki ikasukumwa hadi gereji kwangu, yeye akarudishwa nyumbani na bajaji, dereva akambeba mikononi hadi mlangoni.

"Kama gunia la mchele," aliniambia kwenye simu. Hakuwa anatania.

Kaka yake, Bwana Mussa, ndiye aliyemnunulia chombo hicho. Sasa anasema dada yake hajui kupima maji, ameiua mashine, basi iuzwe na yeye awe anapelekwa dukani. Leo baada ya swala alikuwa anakuja kuichukua. Na aliyemwambia kwamba tatizo ni maji ni mimi. Maji ni rahisi kuyalaumu, hayajitetei.

Asubuhi nikaifungua kwa mara ya tatu. Mkanda mzima, meno yake yote yapo, ila ubavuni unang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Nikapitisha kidole kwenye puli. Kikateleza. Nikanusa.

Dizeli.

Hapo nikaanza kumsaka mwizi. Sili ya injini inavuja? Kavu. Oili ya gia? Iko mahali pake. Labda ilipelekwa kuoshwa kwa dizeli? Haikupelekwa. Nakiri nilikuwa nafurahia upelelezi ule, hata chai ikapoa. Kisha nikainua macho, nikamwona Kessy, fundi mwenzangu, anamalizia pikipiki ya bodaboda iliyonyeshewa. Ameshika chupa yetu ya kupulizia, dizeli iliyochanganywa na oili chafu, anaipulizia injini nzima. Ndivyo tulivyofundishwa sote kwenye gereji za mtaa huu: chuma kikilowa, kipe mafuta kisiote kutu. Msimu wa mvua chupa ile haikauki.

Mwizi nikampata. Ni mimi.

Siku ile ya kwanza, baada ya kukausha, nilipulizia ndani ya boksi, puli zote mbili, kwa huruma kabisa. Na nilipofunga mkanda mpya nikaongeza kidogo, ya baraka.

Pikipiki nyingi tunazotengeneza zina mnyororo, na mnyororo unapenda mafuta. Mkanda unataka kukwaruzana na puli, bila hivyo haushiki. Miaka kumi na miwili ya ufundi na sikuwahi kujiuliza jambo dogo hivyo. Niliona aibu sana, lakini nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi kidogo. Angalau nimejua.

Nikasafisha puli kwa thina, nikazipitishia msasa laini, nikazikausha. Mkanda ulionyonya dizeli haufai tena, kwa hiyo nikakimbilia Kariakoo kuchukua mwingine, huu wa mfukoni mwangu. Nikaona pia mpira wa kuingizia hewa kwenye boksi umechanika, ndipo maji yalipopitia. Nikaweka mwingine, nikaunyanyua mpaka chini ya kiti. Nikaijaribu na Kessy kwa nyuma, kilo zake zote. Ikaenda bila kusita.

Saa nane wakafika na gari la kaka. Nikawaamkia, wakaitikia, Bi Saada akatazama pembeni. Ningeweza kusema imepona nikanyamaza. Kessy alinikonyeza ninyamaze, maana mteja akijua fundi ndiye aliyeharibu, mtaa mzima unajua kabla ya magharibi.

"Bwana Mussa," nikasema, "maji yaliisha siku ya kwanza. Yaliyofuata yote ni mkono wangu. Nilipaka mafuta pasipotakiwa mafuta. Dada yako hakuharibu kitu."

Akataka nirudie. Nikarudia.

"Si amesema?" Bi Saada akamkatiza. "Nipe magongo yangu."

Akashuka, akaenda taratibu hadi kwenye pikipiki, akapanda. Hakuna aliyethubutu kusogea. Alipokwisha kukaa akanigeukia.

"Na wewe fundi, siku nyingine ukinionea huruma, niulize kwanza."

Akawasha, akaondoka kuelekea Kariakoo. Kaka yake alibaki na ufunguo wa gari mkononi, kisha akaniaga kwa heshima kubwa kuliko nilivyostahili.

Ningependa kuishia hapo na kujisifu kwa ukweli wangu. Lakini tangu alasiri namkumbuka mwalimu mmoja aliyekuwa na skuta, akipita hapa kila siku kwenda kufundisha karibu na Mnazi Mmoja. Mwaka juzi alikwama kwenye maji. Nilimbadilishia mikanda miwili, yote ikateleza, nikamwambia skuta ina mkosi, aiuze tu. Aliiuza. Siku hizi namwona anapita kwa miguu, na bado ananisalimia vizuri.

Nitaanzia wapi kumwambia?