Uzi wa Mkono wa Kijiti

Chumba cha Kushonea,
Nyumba ya Kona, Mtaa wa Kiwandani,
S.L.P. 418.
Jumapili, tarehe 7 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu, na hao watoto ambao sura zao nimezizoea kwenye picha kuliko sauti zao. Afya zenu zinaendeleaje? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia? Wifi bado anafanya zamu za usiku, au wakubwa wake wamemhurumia? Nijibu hayo kwanza. Usinifanyie kama barua iliyopita, kurasa mbili za hali ya hewa na mstari mmoja wa habari zenu.

Sisi huku hatujambo, uzima upo. Mama ni mzima, ila magoti ndiyo yanamgomea asubuhi, lakini akishapata chai yake humweki chini. Jicho lake lililofanyiwa upasuaji sasa linaona hata vumbi la juu ya kabati, na kuna siku natamani lirudi lilivyokuwa. Shemeji yako bado yuko kwenye tanuri lake la mikate, na bado anakoroma. Mpwa wako amepata kazi kwenye duka la dawa. Anavaa koti jeupe na ameanza kutuuliza kama tumekula kabla ya kumeza vidonge, hata tusipokuwa na vidonge.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Ni ile picha uliyonitumia kwenye simu.

Ulituma picha ya saa ukaandika, "Dada, hii ikawe mwenzao zile saa zako za kwenye droo." Nina hakika ulicheka, ukaweka simu chini ukaenda zako kulala. Mimi tangu siku ile sijatulia. Nakaa kwenye cherehani nasimama, nashika mkasi nasahau nilitaka kukata nini. Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja la mwalimu mkuu, nikalipiga pasi, nikalitundika, na bado sikuona. Alipokuja kulijaribu mkono mmoja ukabaki umepinda kama mpini wa birika. Ni muungwana, aliniuliza tu kama ndiyo mtindo mpya.

Hiyo saa nimeisoma mpaka nimeikariri. Uso wake ni wa nili, mishale myembamba, ya kutia ufunguo kama ninavyozipenda. Zitatengenezwa chache tu na kila moja itachorwa namba yake mgongoni. Atakayechelewa ataishia kuziona kwenye mikono ya wenzake. Unaagiza na kutanguliza malipo wakati yenyewe bado haijazaliwa, nayo inakufikia katikati ya mwaka ujao. Oda zinafungwa mwisho wa mwezi ujao. Bei sikutajii, kifua chako hakijapona vizuri.

Maisha yangu yote mimi ndiye ninayepokea malipo ya kwanza na kuwaambia watu waje wiki ijayo. Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini wateja wangu huchungulia dirishani kila wanapopita.

Nilimuuliza shemeji yako. Alikuwa ametoka kazini na unga bado uko kwenye nyusi. Akasema, "Una droo nzima ya saa, na kila asubuhi unaniuliza mimi ni saa ngapi." Kisha akalala. Yeye hajawahi kuvaa saa, mkate anaujua kwa pua. Lakini neno lake lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Saa zangu hazijawahi kugusa mkono wa mtu.

Mtaani wananiita Mama Saa, nawe unadhani ni ugonjwa wa kukusanya. Siwezi kukataa, ugonjwa upo. Kila Jumapili nikishamaliza kufua, natandika kitambaa juu ya meza ya kukatia, nazitoa, nazitia ufunguo moja moja na kuzisikiliza. Lakini Kijiti, hujawahi kuniuliza zilianzaje.

Ile yenye uso mweupe niliinunua mwaka uliposema unakuja mpwa wako akimaliza shule ya msingi. Nilitaka ukishuka tu nikuvalishe. Likizo yako ikafutwa. Ile ya mkanda wa ngozi ya kahawia ni ya mwaka wifi alipojifungua mapacha, mkasema mtawaleta Mama awashike. Wakaugua. Ile nyeusi ni ya msiba wa baba mdogo. Ulisema uko njiani, nikaenda kuinunua kabla hata sijaenda kununua sanda, na hilo sijamwambia mtu. Kila uliposema unakuja, nilinunua saa. Kila ulipokosa kuja, niliifungia kwenye droo pamoja na wenzake.

Silaumu. Sababu zako zote nilizipima nikaona zina uzito. Katikati ya hapo nilianza kuzipenda saa zenyewe, nikaanza kuyajua majina ya viwanda na kubishana na wauzaji, na watu walipoita huo mkusanyo nikaona ni neno zuri la kujifunika. Lakini nimekukumbuka, mdogo wangu. Nimekukumbuka mpaka nimechoka, na droo ile siku hizi naifungua kwa shida.

Sasa umesema mwaka ujao kiwanda chenu kikifungwa kwa matengenezo ya mitambo, mnakuja wote. Nimehesabu, ni wakati uleule saa itakapotoka. Kwa hiyo unaona ninachohangaika nacho. Nikiagiza, nimekuamini tena. Nisipoagiza, nimeamua huji, na hilo nalo sitaki kuwa nimeliamua mimi.

Basi wiki iliyopita nikajikaza. Nikamwambia mpwa wako anijazie oda kwenye simu. Akajaza jina, akajaza sanduku la posta, akafika mahali akaniuliza, "Mama, kipimo cha mkono?" Kumbe mkanda wa saa hii ni wa chuma, unafumwa kwa kipimo cha mwenye nayo. Haukazwi wala hauongezwi. Saa zangu zote za nyuma zina matundu kwenye mkanda, kwa hiyo sikuwahi kujiuliza. Nikamwambia afunge simu.

Nilikwenda kwenye kopo la biskuti la Mama. Unalikumbuka. Bado lina nyuzi zetu, kila mtu na uzi wake, fundo la bega, fundo la kiwiko, fundo la mzunguko wa kifundo cha mkono. Uzi wako ni ule aliokupima siku alipokushonea suti ya kusafiria, umesimama naye akikuambia uache kupumua kwa nguvu. Nikauviringisha kwenye karatasi nikaupeleka kwa Bwana Sekunde, muuza saa wa pale karibu na benki, ili anisaidie kuugeuza uwe namba.

Alicheka kwanza. Anasema ameletewa saa zilizoingia maji na saa zilizokanyagwa na gari, lakini hajawahi kuletewa uzi. Akauweka kwenye rula, akapima mpaka kwenye fundo la mzunguko, akanitazama juu ya miwani.

"Huyu ni mtu mzima?"

"Ni mtu mzima, ana watoto."

"Dada, mkono huu ni wa mtu anayeruka chakula cha mchana. Bado yuko hivi?"

Mimi ninayeweza kumtazama mtu akivuka barabara nikajua kiuno chake, mimi ninayewaambia wanawake wana mimba kabla hawajajua wenyewe, nilisimama pale kaunta nikautazama uzi kama mteja anayetafuta bei. Picha zako zote umevaa makoti ya mikono mirefu. Sijui kama bado wewe ni kijiti au sisi ndio tunaoendelea kukuita hivyo. Nilikunja uzi wangu nikarudi kwa mguu, na njiani nilipita nyumba yetu bila kuiona, nikashtuka niko kwenye geti la kiwanda cha magodoro.

Utasema, si ungenipigia tu. Ningekupigia, lakini kwenye simu wewe unasema "sawa dada" kabla sijamaliza sentensi. Tena unajua sheria ya nyumba hii, kipimo cha mdomo hakikati kitambaa. Tulijifunza hilo kwa yule bwana harusi aliyetuma vipimo vyake kwa mdomo wa rafiki, akafunga ndoa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja na kumvisha bibi harusi pete kwa mkono mwingine. Mama hadi leo akikumbuka hawezi kumaliza chai.

Sikutaka Mama ajue habari za saa. Lakini kwa jicho lake jipya huwezi kumficha kitu. Alhamisi aliona kopo limesogezwa, akaniuliza nani anataka uzi wa Kijiti. Nikamwambia yote. Akaniagiza nimletee droo nzima kama ilivyo, nikaiweka mapajani mwake.

Alizichukua moja moja akaziweka sikioni. Hakuuliza bei wala hakunigombeza, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kugombezwa. Alipofikia ile ya mwisho akaniuliza, "Zote hizi ni zake?" Nikasema ndiyo. Nikaanza kuokota vipande vya nyuzi sakafuni ili nisimtazame.

Kisha akasema, "Aliyepimwa kwa uzi ule hayupo tena popote, hata huko aliko. Mpelekee uzi mwingine ajipime." Akavuta uzi kwenye bobini ya cherehani yangu bila kuniuliza, akaukata kwa meno, jambo ambalo maisha yetu yote ametukataza sisi.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta uzi mweupe. Wifi akusaidie. Auzungushe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pale saa inapokaa, asikaze sana, afunge fundo moja panapokutana, muurudishe kwa posta. Ukinifikia una fundo, naagiza siku hiyohiyo, hata kama Bwana Sekunde atanicheka tena na shemeji yako atakoroma mchana.

Lakini fundo lifungwe tu kama unakuja. Nakuomba hilo kwa undugu wetu. Ukiona moyoni mwako kwamba haitawezekana, usilifunge. Shonea kifungo cha koti lako, uzi ni imara, ni ule ninaoshonea sare za wanafunzi. Sitakasirika. Oda zitafungwa, na mimi nitafungua droo nianze kuzigawa. Mpwa wako anahitaji saa pale kazini. Mwalimu mkuu ananidai radhi kwa lile koti. Saa zinataka kuvaliwa, Kijiti, na mimi nataka kuacha kungoja au kungoja kwa furaha. Hapa katikati ndipo panaponiumiza.

Hayo ndiyo yangu. Sijaandika barua ndefu hivi tangu uondoke, na nimeipumzisha kalamu mara nyingi kwenda kutazama kama kuna mteja mlangoni, kumbe leo ni Jumapili.

Mama anakusalimu na anasema watoto wasiache kula kiamsha kinywa. Shemeji yako anakusalimu, anauliza mikate ya huko ina chumvi au haina. Mpwa wako anasema "Shikamoo mjomba," na anataka kujua jina la dawa uliyopewa ya kifua. Msalimie sana wifi, mwambie ile sketi aliyoniomba ipo tayari, nimeacha pindo kubwa kwa sababu naye sijui amekuwaje. Wabusu mapacha, waambie shangazi yao yupo.

Mungu awalinde mnapotoka na mnapoingia, azifungue njia zenu, na atukutanishe tukiwa bado tunafahamiana.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mama Saa.

N.B. Usishangae uzi ni mrefu kiasi hicho. Nilimwambia Mama hata sufuria la harusi unaweza kulizungusha, nikataka kuukata. Akanishika mkono. Akasema tuuache hivyo hivyo, yeye hajui umenenepa kiasi gani.