Mkono Wangu Chini ya Mgomba

Mjukuu wangu Koku,

Pole na kitanda cha hospitali huko Mwanza. Sisi huku kijijini Buganguzi tupo. Babu yako anakohoa, ila rubisi, pombe yake ya ndizi, hajaiacha. Walimu wako wananiulizia habari zako kila Jumapili kanisani.

Umeuliza kama unarukwa na akili, maana mguu waliokukata baada ya ile ajali ya pikipiki bado unahisi baridi. Hapana, mama. Mkono wangu wa kushoto ulisagwa na mashine ya kukoboa kahawa nikiwa mdogo kuliko wewe. Baba aliuzika kibanjani, kwenye migomba yetu, kama tunavyozika watu wetu, wala hakuniambia ni wapi. Siku moja nikalia kwamba vidole vya mkono ule vinakandamizwa. Mama, aliyepajua, akaenda kibanjani, akakuta mgomba umeanguka palepale ulipozikwa. Alipouondoa, maumivu yakakoma. Mpaka leo sielewi, lakini tangu hapo sikuuogopa tena mkono ule.

Mguu wako baba yako alikuja nao, tukauzika jirani na mkono wangu. Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito, nikaenda nikaufunika mguu wako vizuri kwa nyasi kavu.

Niambie, Koku, ulipata joto?

Bibi yako