Mayai ya Bata Uliyoyaacha Jikoni

Perpetua, mke wangu,

Leo ni Jumapili, hatukati miwa. Mikono imevimba, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu niliporudi huku Morogoro, na sina wa kumwambia ila wewe.

Nimetoka kwenu Nyamuswa kumwona mtoto wetu. Anatembea. Anakanyaga chini kama mtu aliyeudhiwa, vilevile kama wewe.

Unakumbuka yale mayai ya bata? Jirani yetu wa Iringo, kule tulikokuwa tumepanga, alikupa, ukayafukia kwenye ndoo ya pumba, ukasafiri nayo na tumbo lako kubwa kwenda kujifungulia kwenu. Nikakuuliza, kwani bata hana mama? Ukasema, "Bata anainuka ovyo, mayai yanapoa. Kuku akishataka kulalia, hata jiwe atalalia." Toka siku hiyo ukawa unaniita Baba Bata kwenye simu. Ulikuwaga na mdomo wewe!

Ulimlaza kuku mwekundu wa mama yako kwenye kona ya jiko. Mayai hayajaanguliwa, ukajifungua, damu ikakataa kukoma. Ukaondoka.

Yaliyofuata hukuyaona. Siku ya msiba watu walijaa, mboga ikaisha. Kaka yangu aliyetoka Butiama akaingia jikoni, akamwona yule kuku. "Huyu hapa, amenona!" Dada yako Anastazia akasimama mlangoni, kichanga wetu kifuani.

"Huyo haliwi, shemeji. Yuko kazini."

"Kazi gani, kulea bata? Watu wanakula maharage matupu!"

"Wale hivyohivyo. Marehemu ndiye aliyemweka hapo."

Kaka akatoka. Anastazia akapiga magoti, akachovya vidole kwenye maji ya uvuguvugu, akayanyunyizia mayai kama ulivyomwonyesha, ili maganda yasikauke yakawabana vifaranga. Mtoto alikuwa analia kifuani, naye ananyunyizia. Mimi sikuwa nimelia bado, Perpetua. Nililia pale.

Siku za kuangua vifaranga wa kuku zilipopita, mama yako akasema yameoza yatupwe. Anastazia akakataa, akasema bata hana haraka. Kweli wakatoka. Mvua iliponyesha waliingia kwenye dimbwi, na yule kuku akapiga kelele pembeni mpaka sauti ikakauka. Baadaye alinyamaza. Wakiingia majini, yeye anakaa kivulini anawasubiri.

Sasa nikuambie lililonipeleka safari hii. Ndugu zangu wa Butiama walinipigia: mtoto ni wa ukoo wetu, wakwe wamemlea vya kutosha, nimchukue nimpeleke kwa mke wa kaka. Nikakubali. Nilinunua viatu vyake Bunda, nikafika Nyamuswa nimeshapanga maneno ya kusema.

Nimekaa uani, mtoto akajikwaa, akaanguka kifudifudi. Nikakimbia kumwinua. Akanipita. Akakimbilia kwa Anastazia, akamshika sketi, akasema, "Mama."

Anastazia akashtuka, akanitazama kama mtu aliyeshikwa na mali ya mwenzake. "Shemeji, sikumfundisha mimi. Huwa namwambia aniite mama mkubwa."

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikasimama huko. Nilikuonea uchungu. Neno hilo lilikuwa lako, ulilisubiri miaka, na hukulisikia hata mara moja. Halafu nikawaza: nikimtoa pale, nitakuwa nimemfanya afiwe na mama mara ya pili, na safari hii ataona kwa macho yake.

Nikampigia kaka, nikamwambia simleti.

"Wakwe wamekuroga?"

"Hapana. Mtoto ana mama."

Akakata simu. Mpaka leo hapokei.

Kama nimekukosea, nisamehe. Nami iliniuma. Lakini Anastazia nimemwambia asimkataze tena mtoto, aitike. Kanga uliyoiacha ndiyo anayombebea.

Pumzika, mke wangu. Msimu wa miwa ukiisha nitakuja nimshike mtoto mkono mpaka kaburini kwako, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba wewe ndiye uliyemzaa. Jina lako atalijua. Nitalitamka mbele ya Anastazia, naye nimemwomba awe amesimama pale pamoja nasi.

Mume wako,
Masatu