Kazi ya Nyumbani ya Mama

Kitale, 6 Juni 2004

Mwanangu Ciru,

Nakusalimu sana, wewe na Bramwel. Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu, nalo ulishalizoea. Nekesa ametoa meno mangapi?

Nimeingia ngumbaru, nasoma na watu wazima wenzangu, usinicheke. Mwalimu Gachanja ametufikisha kwa Kiingereza cha mambo yaliyopita, na kumbe ni ya aina mbili! Mimi niliandika yote kwa aina moja, akanikosesha ukurasa mzima. Wewe unafundisha Kiingereza huko Bungoma, hebu nisaidie. Ningemuuliza Baba yako, lakini unamjua. Tangu harusi yenu hataki hata kutaja jina lako, na mimi nimechoka.

Mama yako, Rahab

Bungoma, 17 Juni 2004

Mama mpendwa,

Nimecheka mpaka Bramwel akauliza kuna nini. Hatujambo. Nekesa ana meno manne na anauma kila mtu.

Ni rahisi. Mambo mawili yakitokea zamani, lililotangulia litilie "had". "When I came, the cow had eaten the beans." Ng'ombe alimaliza maharagwe, ndio wewe ukafika. Ukiisahau hiyo "had", itakuwa ulifika ukasimama tu ukimtazama akila!

Mama, Baba angekuja siku ile hata kwa dakika moja, ningeridhika. Bado inaniuma. Msalimie, hata asipojibu.

Binti yako, Ciru

Kitale, 4 Julai 2004

Ciru wangu,

Habari za huko? Huku mvua ni nzuri na mahindi yamesimama.

Mwalimu alitaka sentensi za maisha yetu wenyewe. Nikaandika kwamba ulipoolewa, baba yako alikuwa amekataa kuja. Kumbe alikuwa nyuma yangu anachungulia. "Ati nilikataa? Si uandike ukweli, bana!" Akaninyang'anya kalamu, akaandika: "When I reached the church, they had gone."

Ciru, alikuja. Asubuhi alikataa, mchana moyo ukamshinda, akafika Bungoma mkiwa mmeshatoka kanisani. Akaona aibu kuwafuata kwa karamu, akageuza njia akarudi. Mimi niliporudi kutoka harusini nilimkuta amelala, nikadhani hakutoka nyumbani. Miaka miwili amenyamaza hivyo! Nililia, halafu nikamgombeza vizuri. Mwalimu ametia tiki, na sasa Baba yako anajigamba kijiji kizima.

Barua hii sikuipeleka posta. Aliyekuletea ndiye huyo amesimama mlangoni kwako. Atasema ana haraka, ati ng'ombe wanangoja kukamuliwa. Usimsikize. Mpe Nekesa ampakate, uone kama ataondoka.

Mama